Neno la siri lilisafiri kwenda Kalemie

Hapa Moba, biro yetu ya sindika iko na kompyuta moja ya Linux, ule mfumo wa bure. Tunaitumia watu watatu. Mashine ya kuchapa ikikwama, kuiamsha kunataka ruhusa ya mkubwa wa kompyuta, ambaye Linux inamwita root. Neno lake la siri alikuwa nalo mweka hazina peke yake. Mwezi uliopita akapanda boti kwenda Kalemie. Tukabaki na barua ya malalamiko haijatoka, wachimbaji wako mlangoni wanangoja kutia sahihi.

Aliporudi, wengi wetu tulisema: kila mtu apewe amri zote bila neno la siri, tumalize. Inawezekana. Programu ya sudo, iliyoanzia Buffalo, Marekani, karibu mwaka 1980, inasoma faili ya /etc/sudoers. Humo unaandika NOPASSWD: ALL, njo mwisho.

Lakini ile kompyuta njo inatunza majina ya wanachama na ushuhuda wa walioumia shimoni. Ukifungua yote, mtu akikaa pale dakika tano wakati katibu amekwenda kula, atasoma faili za wote, atanakili kwenye flashi, atafuta. Ile orodha ikifika kwa bosi, tunajua nani atakosa kazi.

Basi tukaandika mstari mmoja paka:

katibu ALL=(root) NOPASSWD: /usr/bin/systemctl restart cups

Yaani katibu aamshe uchapaji bila kuulizwa. Akijaribu amri ingine, sudo inakataa.

Tuliandika kwa visudo, hapana kwa kufungua faili hivi hivi. Visudo inakagua kwanza. Kosa dogo pale linaweza kufanya sudo igome kwa wote, hata kwa mweka hazina. Mwenzetu mmoja aliomba pia ruhusa ya vim, eti ya kusoma tu. Tulikataa, juu ndani ya vim unaweza kufungua amri zingine zote ukiwa root. Na skripti ambayo mtu anaweza kuibadilisha mwenyewe ni vile vile.

Sasa kila mtu yuko na akaunti yake, na sudo inaandika jina la aliyeitumia pamoja na saa. Hapo kelele ilitoka: wazee wawili walisema tunawapeleleza. Bado tunazungumza nao. Jumatatu mashine ya kuchapa ilikwama tena, katibu akaiamsha mwenyewe, barua ikatoka.