Pilipili Usiyoila

Wahenga walimuuliza anayejitia katika yasiyomhusu: pilipili usiyoila yakuwashiani? Kwa askari anayebeba kopo la kupulizia pilipili, swali hugeuka: ile asiyowahi kuionja atajuaje kipimo chake? Ndiyo maana huko Fort Leonard Wood, Missouri, kwenye chuo cha polisi jeshi wa Marekani, makuruta hupuliziwa usoni, kisha hutakiwa kupambana, kutumia rungu na kumtia mtu pingu huku macho yamegoma kufunguka. Kinachowatesa ni kilekile kinachowasha sahani ya samaki aina ya mukeke huko Gatete, upande wa Rumonge, nchini Burundi. Kapsaisini, kiini cha ukali wa pilipili, hushika kipokezi cha neva kinachotambua joto, na ubongo ukaamini pana moto ilhali ngozi haijaungua. David Julius alitunukiwa Nobel ya 2021, pamoja na mwenzake, kwa utafiti uliofichua kipokezi hicho. Anayetia pilipili katika mawese anajua pia kwamba ukali wake hukaa ndani ya mafuta; kwa hiyo maji matupu hayauondoi upesi.

Watetezi wa zoezi hili husema aliyeonja hatapuliza ovyo, na kwamba askari asiye na zana ya kati hubaki na mikono au bunduki. Hoja ya pili ina uzito: kanuni za Umoja wa Mataifa za 1990 kuhusu matumizi ya nguvu zinazitaka serikali ziwape polisi zana za aina mbalimbali. Lakini Burundi imeshaona kikomo cha hoja hiyo. Maandamano yalipoanza Bujumbura mwishoni mwa Aprili 2015, polisi walikuwa na mabomu ya machozi na magari ya kumwaga maji, na bado risasi za moto zilifyatuliwa. Zana zilikuwepo, mipaka ndiyo haikushikwa. Hoja ya kwanza nayo ni nusu ya ukweli. Kuruta ni kijana mwenye afya, anajua kinachokuja, na mkufunzi yuko kando yake. Mwenye pumu aliyenaswa katika umati hana hata kimoja cha hivyo.

Zoezi lisifutwe, ila lisiitwe mafunzo kamili. Kuruta apimwe pia kwa mara alizojizuia kupuliza, kwa kutomgusa aliyekwisha kufungwa pingu, kwa uso wa mshukiwa aliousafisha, na kwa ripoti aliyoiandika baadaye. Kuvumilia pilipili kunampima yeye; hayo mengine ndiyo yanayomlinda raia.