Mto Unaopwa Mara Moja kwa Mwaka

Aliyekulia pwani hahitaji kufundishwa habari ya maji kujaa na kupwa. Simama karibu na Daraja la Salenda, Dar es Salaam, maji yakianza kutoka, utawaona yangeyange na wenzao wa miguu mirefu wakishuka kwenye tope. Maji yakiondoka ndipo chakula chao kinapopakuliwa.

Leo nazungumzia mto ulio mbali na bahari, nchi nzima ikiwa katikati, lakini nao hujaa na kupwa. Ni Katuma, katika Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Huo hupwa mara moja tu kwa mwaka.

Mvua huanza huko kiasi cha Novemba na kukatika Aprili au Mei. Mto hupita Sitalike, kusini ya mji wa Mpanda, ukaingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, na kufurika katika maziwa ya Katavi na Chada. Maziwa ni kwenye ramani. Ukifika Septemba utadhani mchora ramani amekutania, maana utakuta nyasi tupu.

Nilitembea kando ya Katuma alasiri moja ya kiangazi, pamoja na askari mwenye bunduki, maana kiboko hana subira na watazama ndege. Katika dimbwi la kwanza viboko walibanana kama magunia ghalani, na mgongoni mwa mmoja alisimama yangeyange. Furukombe alilia juu ya mti. Lakini waliotuchelewesha ni korongo wa aina mbili. Wa kwanza, mwenye mdomo wa manjano, huutia majini ukiwa wazi na kupapasa. Samaki akiugusa tu, unafumba. Wala haangalii. Wa pili ni mweusi, na mdomo wake una mwanya katikati hata ukiwa umefungwa. Huyo anatafuta konokono. Basi hula dimbwi moja wasigombane.

Sasa fikiria mdomo huo wa kupapasa. Katika maji mengi samaki wametawanyika, utapapasa mpaka jua lizame. Faida huja kina kikishuka na samaki wakasongamana. Kwa hiyo korongo hahitaji maji tu. Anahitaji maji yanayopungua taratibu, leo dimbwi hili, mwezi ujao lile, mpaka mvua zirudi.

Hapo ndipo penye tatizo. Juu ya mto, kabla ya hifadhi, kuna mashamba ya mpunga, na maji yamekuwa yakizibwa na kuchepushwa huko. Watafiti waliouchunguza Katuma miaka ya 2010 walieleza jinsi mto unavyokauka kiangazi, na viboko wanavyorundikana katika madimbwi machache yanayochafuliwa na kinyesi chao wenyewe. Mto uliozibwa hupwa ghafla. Ndege hupata karamu ya siku chache, halafu njaa ya miezi.

Mkulima simlaumu. Mchele ni ada ya shule na bati la nyumba, na huenda wewe unayenisikiliza umeula jana. Tena sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza maji ya matumizi ya nyumbani, kisha maji ya kuhifadhi mazingira, ndipo yafuate mengine, kilimo kikiwamo. Vibali hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde. Lakini kibali kinadai banio lenye lango, linalochukua sehemu na kupitisha sehemu. Gunia la mchanga halina lango, na banio la zege mkulima mmoja haliwezi.

Kwa hiyo kinachotakiwa kuamuliwa ni hiki: maji kiasi gani yapite Sitalike mwezi wa Septemba, nani agharimie malango huko juu, na nani akae mtoni kuyapima.