Vilima vya Watengeneza Chumvi

Chumvi ikinyeshewa huyeyuka, ikaenda zake. Basi mwanaakiolojia atajuaje kwamba mahali fulani watu waliitengeneza miaka 700 iliyopita? Hufuata taka zake.

Katika pwani ya Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, nchi ni tambarare yenye vinamasi. Lakini karibu na vijiji kama Marshchapel na Wainfleet pana vilima vya mchanga laini, vingine vya kimo cha mita kadhaa. Havikuumbwa na bahari. Domesday, kitabu cha hesabu ya mali kilichoandikwa mwaka 1086, chataja mahali pengi pa kutengenezea chumvi katika jimbo hilo.

Huko jua ni hafifu. Haliwezi kukausha maji ya bahari kama lifanyavyo katika mabwawa ya chumvi ya pwani yetu. Ilibidi kuyachemsha. Lakini lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 tu za chumvi, hivyo kupata kilo moja yapasa kuvukiza lita zipatazo 28. Moto wa kiasi hicho ungetoka wapi? Wenyeji walingoja bamvua za kiangazi. Maji yalipokupwa, upepo na jua vilikausha uso wa tope, chumvi ikabaki humo. Walilikwangua tope hilo, wakalitia katika shimo lililokandikwa udongo wa mfinyanzi na kutandikwa kichujio cha mabonge ya nyasi, kisha wakamimina maji ya bahari juu yake. Yaliyochuruzika hadi shimo la pili yalikuwa makali mno. Wachemsha chumvi wa zamani waliyapima kwa yai bichi: likielea, kila lita ina zaidi ya gramu 100 za chumvi. (Mwanafunzi aweza kulijaribu jambo hili darasani.) Sasa kilo moja yadai lita 10 tu, au pungufu. Ndipo walipoyachemsha katika sufuria bapa za risasi, kwa moto wa mboji iliyokaushwa.

Tope lililochujwa lilitupwa kando, mwaka baada ya mwaka, likawa vilima. Bahari nayo ikasogea mbali, na watengenezaji wakaifuata. Mchimbaji hukuta tabaka juu ya tabaka la tope, mashimo ya mfinyanzi na majivu. Sufuria ni nadra kuonekana, kwani risasi iliyochakaa huyeyushwa ikatumiwa upya.

Chumvi ya Ufaransa, iliyokaushwa kwa jua na kuuzwa rahisi, ilichangia kuififisha kazi hii. Hata hivyo ramani ya Marshchapel ya mwaka 1595 yaonyesha vilima na vibanda vya chumvi. Leo adui ni plau. Vilima vingi vimesawazishwa, na katika picha zilizopigwa kutoka angani vyaonekana kama mabaka meupe tu katikati ya mashamba.