Mvuke wa Olkaria hausubiri mvua

Huko Olkaria, karibu na mji wa Naivasha, ndani ya mbuga ya Hell's Gate, pundamilia hula nyasi kando ya mabomba makubwa ya chuma yanayopanda na kushuka vilimani. Mvuke unaopita humo umetoka chini ya ardhi, na ndio unaowasha taa nyingi za Nairobi.

Olkaria haikufanikiwa mara moja. Visima viwili vya kwanza vilichimbwa mwaka 1956, mvuke wa maana haukupatikana, kazi ikaachwa. Ilianza upya miaka ya 1970, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kuzalisha. Leo zaidi ya thuluthi moja ya umeme unaozalishwa Kenya hutokana na jotoardhi, na hakuna nchi nyingine ya Afrika inayoikaribia.

Chanzo ni Bonde la Ufa. Hapo ganda la dunia linatanuka na kuwa jembamba, hivyo joto la chini liko karibu zaidi. Maji yaliyozama kwenye nyufa za miamba hupata moto wa nyuzi 300 na zaidi, lakini shinikizo huyazuia yasichemke. Kisima kikiyafikia, mara nyingi kwenye kina cha kilomita 3 hivi, maji hupanda kwa kasi, na shinikizo linapopungua sehemu yake hugeuka mvuke. Mvuke hutenganishwa na maji, kisha huzungusha turbini, nayo huzungusha jenereta. Maji yaliyobaki hurudishwa chini kupitia visima vingine. Yasiporudishwa, shinikizo hushuka na visima hudhoofika.

Thamani ya mvuke huo Wakenya waliijua kwa shida. Kwa miaka mingi nchi iliegemea mabwawa ya Mto Tana: Kindaruma lililoanza 1968, kisha Gitaru, Masinga na mengine. Ukame wa mwaka 2000 ulileta mgawo mkali wa umeme, na jenereta za dizeli zikakodiwa kwa gharama kubwa. Mwaka 2009 maji ya Masinga yalipungua mpaka mitambo yake ikazimwa.

Upepo nao una nafasi yake. Huko Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, yamesimikwa mapangaboi 365 yenye uwezo wa megawati 310. Yalikuwa tayari mwaka 2017, yakakaa bila kazi hadi 2018, kwa sababu laini ya zaidi ya kilomita 400 kwenda kituo cha Suswa haikuwa imekamilika. Sola ya Garissa, megawati 50, hufanya kazi vizuri adhuhuri, ilhali watu huhitaji umeme zaidi jua likishatua, wanapowasha taa na televisheni. Usiku wa manane mambo hugeuka: matumizi hushuka, na Olkaria hulazimika kuachia mvuke hewani. Ndiyo maana betri kubwa za kuhifadhi umeme zinahitajika sasa, si baadaye.

Na usafi wa umeme haupimwi kwa moshi peke yake. Wamaasai waliohamishwa mwaka 2014 kupisha kituo cha Olkaria IV walipeleka malalamiko Benki ya Dunia, na uchunguzi ukathibitisha kwamba kulikuwa na kasoro. Usuluhishi ulifuata. Haki yao ilipaswa kutangulia mitambo.

Jirani Tanzania, kwa upande wake, imechagua njia ya maji: bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa yenye jumla ya megawati 2,115, na wa kwanza ulianza kazi mwaka 2024. Laini ya kilovolti 400 kati ya Isinya na Singida sasa inaunganisha gridi za nchi hizi mbili. Rufiji ikifurika, Kenya inaweza kununua umeme wa maji. Ukame ukibana, umeme wa mvuke unaweza kusafiri kwenda kusini.