Mti wa ukoo na ugonjwa wa SS: tujifunze kuusoma mbele ya kupeleka mahari



Mara mingi mtoto akipatikana na SS, familia zinaanza kutafuta mwenye kosa. Upande wa baba wanasema: "Kwetu hakuna ugonjwa ya vile, mama njo alileta." Upande wa mama nao wanajibu vilevile. Kiisha, wakikosa kukubaliana, macho yote yanamwendea koko mwenye kuzeeka, eti ni mchawi. Ndoa zimevunjika hivi, na wazee wamefukuzwa kwao.

Lakini kuna mchoro mmoja mdogo wenye wengi wetu tuliuona kwenye somo la biolojia, tukausahau egzame ilipoisha. Ni mti wa ukoo wenye unatumiwa kufuata urithi. Mchoro huo unaweza kujibu maneno yale, na unaweza kutusaidia sisi wenye tuko tunajitayarisha kuoana. Tuusome pole pole.

Alama zake

Mwanaume ni mraba, mwanamke ni duara. Mstari wa kulala kati yao unasema kwamba wawili hao wamezaa pamoja. Kutoka hapo mstari mwingine unashuka mpaka kwa watoto, wenye wanapangwa kutoka kushoto kwenda kuume, wa kwanza mpaka kitinda mimba. Mwenye ugonjwa anajazwa weusi. Mwenye kubeba jeni bila kuugua anajazwa nusu. Mwenye alishakufa anakatwa na mstari wa mshazari. Na kama wazazi ni ndugu wa damu, wanaunganishwa na mistari miwili. Kila kizazi kinaandikwa na namba ya Kiroma: I kwa akina koko, II kwa wazazi, III kwa watoto.

Sisi wa agronomia tunafuata ukoo hivyohivyo kwa mbuzi na ng'ombe. Mfugaji mwenye akili hachagui dume kwa uzuri wake tu, anauliza pia baba yake na mama yake walikuwa namna gani.

SS inatoka wapi

Ndani ya globuli nyekundu za damu kuna hemoglobini, njo yenye inabeba oksijeni. Jeni ya sehemu yake moja iko kwenye kromozomu ya 11, na kila mtu ana kopi mbili: moja ya baba, moja ya mama. Kopi ya kawaida tunaiita A, ile yenye kubadilika tunaiita S. Mwenye AA hana S hata moja. Mwenye AS anabeba, lakini siyo mgonjwa. Mwenye SS, globuli zake zinajikunja sawa mundu, zinaziba mishipa midogo na zinavunjika mapema. Ndiyo sababu ya yale maumivu makali ya mifupa na ya kupungukiwa damu kila mara.

Mwaka 1949, James Neel wa Marekani alipima damu ya wazazi wa wagonjwa, akaonyesha kwamba mgonjwa anarithi S kutoka pande zote mbili. Mwaka uleule Linus Pauling na wenzake walionyesha, kwa njia ya elektroforezi, kwamba hemoglobini ya mgonjwa ni tofauti na ya mtu mzima.

Sasa, juu ya nini S iko mingi kwetu? Jibu ni malaria. Mwaka 1954 Anthony Allison, kutokana na utafiti wake Afrika Mashariki, alitangaza kwamba wenye AS wana kinga fulani juu ya malaria. Katika inchi za mbu, hao AS walibaki hai wengi zaidi, wakazaa, na S ikaendelea. Njo maana leo Kongo iko kati ya inchi zenye watoto wengi wanazaliwa na SS duniani, pamoja na Nigeria na India.

Tusome familia moja ya mfano

Kizazi cha I, upande wa baba: koko mwanaume na koko mwanamke, wote wazima. Walizaa watoto wanne. Mmoja alikufa angali mdogo. Alikuwa anavimba mikono na miguu, analia mifupa usiku kucha. Wakasema: "Balimuroga." Ndugu yake mzima alikua, akaoa. Upande wa mama hakuna mtu mwenye anajulikana kuugua hivyo. Kizazi cha III kuna watoto watatu: binti mzima, mvulana wa SS, na binti mdogo mzima.

Hatua ya kwanza: tuanze na mraba mweusi, huyo mvulana. Wazazi wake hawaugui. Mtoto mgonjwa akizaliwa na wazazi wazima, hiyo ni alama ya urithi wenye kujificha. Ili awe na SS, lazima alipokea S moja kwa baba na S moja kwa mama. Basi tunajaza nusu mraba wa baba, na tunajaza nusu duara la mama. Wote wawili.

Hatua ya pili: tupande upande wa baba. Yule baba mdogo mwenye alikufa, inaelekea sana alikuwa SS. Kama ni hivyo, koko wote wawili walikuwa AS. Hakukuwa na mchawi pale, kulikuwa na ugonjwa wenye hakuna mtu aliupima.

Hatua ya tatu: upande wa mama. Hakuna alama nyeusi, lakini mama ana S. Aliitoa kwa mmoja wa wazazi wake. S inaweza kutembea vizazi vingi, AS anaoana na AA, na hakuna mtoto mwenye anaugua. Kwa hiyo "kwetu hakuna mgonjwa" siyo sawa na "kwetu hakuna S."

Angalia pia kama wagonjwa ni wavulana tu. Emofilia, ule ugonjwa wa damu kukosa kuganda, inapita kwa mama wazima na inashika hasa wavulana. Ilitoka kwa Malkia Victoria wa Uingereza mpaka kwa kitukuu wake Alexei wa Urusi, kupitia binti na mjukuu wake wa kike. SS haifanye hivyo, inashika wavulana na wasichana sawasawa.

Hesabu ya wachumba

AS akioana na AS, kila mimba ina nafasi 1 juu ya 4 ya kuwa AA, 2 juu ya 4 ya kuwa AS, na 1 juu ya 4 ya kuwa SS. Kila mimba inaanza hesabu upya. Usiseme: "Tulishapata mmoja mgonjwa, watatu wenye wanafuata watakuwa wazima."

Sasa yule binti mkubwa anataka kuolewa. Yeye siyo SS, basi tunatoa hiyo nafasi moja. Zinabaki tatu, na mbili kati yazo ni AS. Kwa hiyo nafasi ya kubeba S ni 2 juu ya 3. Fianse wake alishapima, ni AS. Tukizidisha 2/3 na 1/4, tunapata 1 juu ya 6 kwa kila mimba. Binti akipima na kukutwa AA, ile 1 juu ya 6 inakuwa sifuri. Akikutwa AS, inakuwa 1 juu ya 4. Mchoro unasema nani apime, lakini damu njo inatoa jibu.

Kipimo gani?

Hapa watu wengi wanadanganyika. Testi ya Emmel inaonyesha tu kama globuli zinajikunja. Haitofautishe AS na SS. Omba elektroforezi ya hemoglobini. Na kama mtu aliongezewa damu karibuni, amwambie daktari na angoje kama miezi mitatu, juu damu ya mwingine inaweza kuficha jibu la kweli.

Fanyeni mapema. Kupima wiki mbili mbele ya kupeleka mahari ni kujifunga, maana familia zilishatoa mali na hakuna mwenye ataweza kuongea kwa uhuru. Na AS na AS wakiamua kuoana, ni haki yao, lakini waamue wakijua, na watoto wao wapimwe kisha kuzaliwa tu, ili matunzo yaanze bila kungoja maumivu ya kwanza.

Basi chukua karatasi. Ongea na koko angali hai, kwa heshima. Usimuulize "nani alikuwa mgonjwa?" Uliza watoto wangapi walizaliwa, wangapi walikufa wadogo, walilia nini. Mchoro huo usiuweke kwenye grupu ya WhatsApp, ni siri ya watu wengi. Ila siku mtu atamnyooshea mama wa mtoto kidole, ufungue, umwonyeshe mraba wa baba na duara la mama, vyote viwili vimejazwa nusu: S moja ilitoka kwa baba, nyingine kwa mama.