Ku ya Vitenzi Vifupi Katika Wakati Uliopita

Wengi waliojifunza Kiswahili ukubwani, na hata wale waliokizungumza tangu utotoni pasipo kupata wasaa wa kukitafakari, hustaajabu kwamba twasema alisoma wala hatusemi alikusoma, ilhali twasema alikuja wala hatusemi alija. Na walimu, kwa kutaka salama, huwajibu kwamba kuja, kula, kunywa, kufa na kuwa ni vitenzi vikaidi, basi na wavihifadhi moyoni. Jawabu hilo halinitoshi, kwa kuwa jambo hili lina sababu, na sababu yenyewe imo katika sauti.

Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho, na viambishi vya wakati -li-, -me-, -na- na -ta- vina tabia ya kukataa kuubeba. Shina lenye silabi mbili au zaidi hujibebea lenyewe; bali shina la silabi moja, kama -ja au -la, likifuata -li-, mkazo hukosa pa kukaa, ndipo ku ya kitenzi-jina ikabakia ili kuupokea. Akipatikana mbebaji mwingine, ku huondoka. Kwa hiyo Juma alikula mkate, lakini mkate ule aliula wote, kwani u ya mkate imekwisha shika kazi. Na katika masimulizi mtu alikuja, akala, akanywa, maana -ka- ina nguvu ambayo -li- haina. Kirejeshi -ye-, ajabu, ni dhaifu vilevile, tukasema mgeni aliyekuja.

Panapoteleza wengi ni katika kukanusha. Hakuja ni sahihi na hakukuja ni kosa, kwa sababu ku iliyomo ni alama ya ukanusho wa wakati uliopita, nayo hubeba mkazo bila taabu. Hata hivyo mhariri mwenye haraka asikate kila ku aionayo imekaririwa: hakuwa na maji ni habari ya mtu aliyeyakosa, na hakukuwa na maji ni habari ya mahali, ku ya kwanza ikiwa kiambishi cha mahali na ya pili ya ukanusho, wala hapana hata moja iliyozidi.

Ama kwenda na kwisha, ambavyo mashina yake yana silabi mbili, havina dharura hiyo, na ndiyo sababu alikwenda na alienda husikika yote mawili. Mimi niliyezoea lafudhi ya pwani hulipendelea la kwanza, na nikikanusha huandika hakwenda.