Tumbo Husema Kuliko Meno

Tukiona meno makali husema mara moja: huyu ni mla nyama. Kuhusu wanyama waliokufa zamani, mara nyingi hatuna zaidi ya meno na mifupa. Lakini kwa nadra mwamba huhifadhi pia ngozi, mafuta na hata chakula kilichokuwa tumboni.

Tuwatazame ikthiosauri, reptilia wa baharini waliofanana na pomboo na kuvuta hewa kwa mapafu. Huko Holzmaden, kusini mwa Ujerumani, miaka milioni 180 hivi iliyopita, mizoga yao ilizama katika tope lenye oksijeni haba. Wanyama walao mizoga hawakuweza kuishi humo, na kuoza kulikwenda polepole. Ndiyo maana baadhi ya visukuku vyao vinaonyesha hata umbo la mapezi.

Mwaka 2018 watafiti walieleza kwamba mmoja wao, aitwaye Stenopterygius, ana mabaki ya tabaka la mafuta chini ya ngozi, kama la nyangumi. Mafuta hayo yanadokeza kwamba mwili wake ulitunza joto, na mnyama wa damu moto huhitaji chakula kingi. Chakula gani? Matumboni mwa ikthiosauri wa Holzmaden zimekutwa kulabu ndogo nyingi, zilizokuwa kwenye minyiri ya viumbe wa jamii ya ngisi.

Hapa tuwe waangalifu. Kulabu ni ngumu na hukaa tumboni; nyama laini humeng'enywa na kutoweka. Basi kulabu zinathibitisha kwamba mnyama alikula ngisi, ila hazithibitishi kwamba hakula kingine.

Mfano wa China unatuonya zaidi. Mkoani Guizhou alipatikana ikthiosauri wa karibu meta 5, aliyeishi miaka milioni 240 hivi iliyopita. Meno yake ni butu, na kwa meno ya namna hiyo wengi wangesema alikula ngisi tu. Lakini utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha tumboni mwake kiwiliwili cha reptilia mwingine wa baharini, aliyekadiriwa kuwa na urefu wa meta 4 hivi. Mifupa yake haikuharibiwa sana na asidi ya tumbo. Yaelekea mlaji alikufa muda mfupi baada ya mlo huo.

Meno hutuambia mnyama aliweza kula nini. Tumbo hutuambia alikula nini siku zake za mwisho. Tukitaka kusema kweli juu yake, tusikilize yote mawili, wala tusiongeze neno ambalo ushahidi haukulisema.